Mtoto Aliyezaliwa Amechoka

Pwani hatusemi mtoto amekosa hewa wakati wa kuzaliwa. Tunasema amezaliwa amechoka. Neno hilo utalisikia Kisarawe vijijini na Kibaha mjini, na wakunga waliosomea wanalitumia vilevile wakiwa leba, kwa sababu mama akilisikia hahitaji maelezo: mtoto ametoka lakini hakulia, mwili umelegea, rangi si yake. Zamani nililichukulia kama tafsida ya kumpunguzia mama machungu. Siku hizi naliona kama dai. Aliyechoka hajafa. Akisaidiwa anaweza kuamka, asiposaidiwa anaweza kuzidiwa. Na ipo hali ya tatu ambayo neno lenyewe haliitaji: anaweza kuamka, akanyonya, kisha akaharibikiwa polepole ndani ya kichwa wakati watu wa nyumbani wanapokea hongera.

Ni hali hiyo ya tatu iliyonifanya mimi, mwanafunzi wa uzamili wa historia nisiyejua hata kupima presha, nianze kusoma makala za kitabibu kuhusu watoto wa nguruwe wa Japani waliovutishwa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo inatajwa kuwa huenda ikawa kinga ya ubongo wa kichanga. Nilitaka kujua wazo hilo limetoka wapi, na lingekuwa na sura gani kama lingefika Kibaha na Kisarawe.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1861 daktari wa upasuaji wa London, William John Little, aliwaeleza madaktari wenzake wa uzazi kwamba watoto wengi wenye viungo vilivyokakamaa walikuwa na historia moja: uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya wakati, au kuchelewa kupumua. Katika kujenga hoja yake alimtaja hata Richard III wa Shakespeare, mfalme mwenye kibyongo, kama mtu aliyeharibiwa na kuzaliwa kwake. Miongo mitatu na kidogo baadaye, Sigmund Freud, kabla hajajulikana kwa mambo ya ndoto, aliandika kitabu kizima kuhusu mtindio wa ubongo na akauliza swali lililogeuza hoja: je, kama uzazi mgumu si chanzo bali dalili? Kama mtoto alikwisha kudhurika tumboni, na ndiyo sababu akazaliwa kwa shida? Msomaji aliweke swali hilo pembeni. Litarudi na vifo.

Sasa nimtaje mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alizaliwa amechoka katika kijiji kimoja cha Kisarawe, ng'ambo ya Mzenga. Ana miaka 19. Hatembei na hasemi, lakini redio ikitangaza mpira anacheka kabla yetu sote, kana kwamba goli limemfikia yeye kwanza. Mama mdogo akisimulia siku hiyo hasemi kwamba uzazi ndio uliomharibu mtoto. Anasema mtoto alichelewa kulia, mkunga wa jadi akampulizia na kumrushia maji, akalia. Akanyonya kidogo. Majirani wakaja. Usiku wa pili degedege likamshika, na kwake yeye habari inaanzia hapo.

Degedege si neno jepesi Pwani. Ndani yake yumo ndege, na wazee wengi wamelihusisha na kiumbe apitaye usiku juu ya paa, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtoto humkamata. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jinsi familia zilivyomfukiza mtoto moshi wa mavi ya tembo kabla ya kumpeleka hospitali, nyingine zikiamini kwamba sindano ikitangulia mtoto atakufa. Wao walikuwa wanatafiti malaria kali. Lakini mtoto wa siku mbili akitetemeka mkono mmoja na kupepesa macho bila kukoma, mara nyingi chanzo si malaria. Ni ubongo uliokosa hewa.

Na jambo la ajabu ni muda. Katika miaka ya 1980 huko University College London, Osmund Reynolds na wenzake walitumia mashine ya sumaku iliyoweza kupima akiba ya nishati ndani ya ubongo wa kichanga bila kumgusa kwa kisu. Walitarajia kukuta nishati imeporomoka mara tu baada ya kuzaliwa. Badala yake waliona kwamba watoto wengi waliofufuliwa walikuwa na nishati ya kawaida, au karibu na kawaida, katika saa za mwanzo. Kisha, kati ya nusu siku na siku nzima baadaye, ingawa mtoto anapumua na damu inapita, nishati ilianza kushuka tena. Yaani kuna maangamizi mawili, na katikati yake kuna utulivu. Kuhusu ndege mimi na mama mdogo hatukubaliani, lakini kuhusu saa alikuwa sahihi kabisa.

Katika utulivu huo ndani ya seli kuna shughuli nyingi. Oksijeni inaporudi ghafla kwenye chembe zilizokaa na njaa, sehemu yake hugeuka kuwa molekuli zenye hasira ambazo wanakemia huziita radikali huru, na kali kuliko zote ni hidroksili, ambayo hugusa kila inachokutana nacho: mafuta ya utando wa seli, protini, hata vinasaba. Seli nyingine hazifi papo hapo. Hupokea amri ya kufa na kuitekeleza taratibu. Wanasayansi walipoona hivyo waliona dirisha. Kama maangamizi ya pili yanachukua saa kadhaa kufika, basi mtu anaweza kusimama njiani kuyazuia. Dirisha hilo kwa makadirio ya kitabibu ni saa kama 6 tangu kuzaliwa.

Hapa ndipo haidrojeni inapobisha hodi. Ni gesi nyepesi kuliko zote. Henry Cavendish alipoieleza mwaka 1766 aliita hewa inayowaka; Lavoisier ndiye aliyeipa jina la mzaa-maji, kwa kuwa ikiungua hutoa maji. Mwaka 1783 Wafaransa waliijaza kwenye puto na kupaa juu ya Paris. Muda mfupi baadaye, huko Bristol, Thomas Beddoes alifungua taasisi ya kutibu watu kwa kuwavutisha hewa za aina mbalimbali, na kijana wake wa maabara, Humphry Davy, alizijaribu kwenye mapafu yake mwenyewe, haidrojeni ikiwemo. Hakupata tiba yoyote humo. Kilichosalia kutoka taasisi ile ni gesi ya kuchekesha, ambayo madaktari wa meno waliikumbuka baadaye.

Na kiasi kikubwa cha haidrojeni kiliwahi kuanza safari ya kuja kwetu, jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani, L 59, iliondoka Yambol, Bulgaria, ikielekea Afrika Mashariki ya Kijerumani kumwokoa Jenerali Lettow-Vorbeck. Ilikuwa imejazwa haidrojeni mita za ujazo zipatazo 68,500 na kubeba shehena ya tani kama 15, zikiwemo risasi na dawa. Haikutarajiwa kurudi: ngozi yake ingekatwa kuwa mahema, na vitambaa vya ndani vingekuwa bandeji. Ikavuka Mediterania, ikapita jangwani, na ilipokuwa juu ya Sudan ikapokea ujumbe wa redio wa kuiamuru irudi. Ikageuka. Baada ya saa 95 hewani ilitua ilikotoka tarehe 25 Novemba, siku ambayo Lettow-Vorbeck na kikosi chake walikuwa wanavuka mto Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Najua ni hadithi ya kando, lakini kila nikisoma habari za dawa mpya zinazotoka kaskazini naiona L 59, imesheheni bandeji, inageuza pua yake juu ya Sudan.

Kama tiba, haidrojeni ilikaa kimya hadi mwaka 2007. Mwaka huo Shigeo Ohta na wenzake wa Nippon Medical School, Japani, walichapisha katika Nature Medicine jaribio la panya walioziba mshipa wa ubongo kisha wakaufungua. Panya waliovuta haidrojeni kidogo, kama asilimia 2 ya hewa, walipata jeraha dogo zaidi la ubongo. Maelezo yao yalivutia kwa usafi wake: haidrojeni humkabili hidroksili na kuziacha radikali nyingine ambazo mwili unazihitaji, na kwa kuwa ni ndogo mno hupenya popote, hata kwenye ubongo. Mabishano kuhusu maelezo hayo yanaendelea, na wachuuzi hawakusubiri yaishe. Maji ya haidrojeni yakaanza kuuzwa kwenye chupa za bei mbaya. Hayo tuwaachie wenye fedha za kuchezea.

Watafiti wa vichanga walichukua hatua haraka. Mwaka 2008 kundi la China liliripoti nafuu kwa watoto wa panya. Mwaka 2009 kundi la Loma Linda, Marekani, likajaribu na kusema wazi kwamba katika jeraha la wastani na kali gesi hiyo haikufaa kitu. Mwaka 2010 Wahungari wa Szeged wakaripoti nafuu kwa watoto wa nguruwe, ambao ubongo wao unakaribiana zaidi na wa mtoto wa binadamu. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, kikaunganisha haidrojeni na kuupoza mwili, na watoto wa nguruwe waliopata vyote viwili wakaonyesha hali bora ya mishipa ya fahamu katika siku tano za uangalizi. Kwa binadamu wazima, jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2023 liliwavutisha haidrojeni ya asilimia 2 kwa saa 18 watu waliokuwa wamesimama moyo. Janga la UVIKO lilikatisha jaribio likiwa na wagonjwa 73 tu. Waliobaki hai siku ya 90 walikuwa asilimia 85 upande wa haidrojeni na 61 upande wa pili, lakini kipimo kikuu kilichokuwa kimepangwa tangu mwanzo hakikutoa tofauti ya kutosha kusema imefaulu. Kuhusu hatari ya kuwaka, haidrojeni hewani huanza kushika moto ikifika asilimia 4, ndiyo maana watafiti hubaki chini ya hapo.

Basi gesi ipo, ina matumaini, ina majibu yanayopingana. Mtu wa haraka angesema tuagize mitungi. Mimi ninayesoma historia nina sababu mbili za kutokuwa na haraka: oksijeni na baridi.

Oksijeni ndiyo iliyoaminiwa kwanza. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 hospitali tajiri za Ulaya na Marekani ziliwaweka watoto njiti kwenye vitotoleshi na kuwamwagia oksijeni bila kipimo. Watoto wapatao 10,000 duniani wakapofuka. Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wa kizazi hicho. Ilichukua jaribio kubwa la Marekani la 1953 na 1954 kuthibitisha kwamba hewa ya uhai ndiyo iliyokuwa inaharibu macho. Hata baada ya hapo, mtoto aliyezaliwa kwa wakati lakini amechoka aliendelea kupewa oksijeni tupu, asilimia 100, kwa kuwa akili ya kawaida inasema aliyekosa hewa apewe nyingi.

Aliyeng'ang'ania kuuliza ni Mnorwe, Ola Didrik Saugstad. Mantiki yake ilikuwa ileile ya radikali: ukimwaga oksijeni kwenye ubongo uliokosa oksijeni, unawasha moto wa pili. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha jaribio la watoto 609 kutoka nchi sita, zikiwemo India, Misri na Ufilipino. Kupanga nani apate nini kulikuwa kwepesi kiasi cha kuchekesha: waliozaliwa tarehe shufwa walipuliziwa hewa ya kawaida ya chumbani, waliozaliwa tarehe witiri wakapewa oksijeni tupu. Hewa ya chumbani haikushindwa. Majaribio yalipokusanywa pamoja baadaye, ilionekana vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja kwa waliopewa hewa ya kawaida, na mwaka 2010 miongozo ya kimataifa ikabadilishwa: mtoto aliyetimiza miezi aanze kwa hewa. Kwa hiyo miaka yote ambayo zahanati isiyo na mtungi wa oksijeni ilijiona fukara mbele ya mtoto aliyechoka, ilikuwa na gesi sahihi ya kuanzia chumba kizima. Wapo watoto ambao mapafu yao yanaihitaji oksijeni kweli, na kwao mtungi ni uhai. Lakini dakika ya kwanza haikuwa ya mtungi.

Baridi nayo ilianza vizuri. Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, Alistair Gunn na Peter Gluckman walionyesha kwa kondoo kwamba ubongo ukipozwa ndani ya dirisha lile huokoka kwa kiasi. Kisha yakaja majaribio makubwa ya watoto, kati ya 2005 na 2009, na mwili kushushwa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72 ukawa utaratibu wa kawaida katika nchi tajiri. Inafanya kazi. Watoto wanaotembea leo Uingereza kwa sababu ya baridi ile ni wengi. (Kiswahili kimeweka irabu moja tu kati ya kupoza na kupooza, na nimeona watu wazima wakichanganya maneno hayo mbele ya daktari.)

Halafu baridi ikaja kwetu. Hospitali ya Mulago, Kampala, katika jaribio dogo lililochapishwa katika Lancet mwaka 2008, watoto 36 waligawanywa, na wengine wakapozwa kwa chupa za maji ya bomba, njia rahisi isiyotaka umeme. Kati ya 21 waliopozwa walikufa 7. Kati ya 15 ambao hawakupozwa alikufa 1. Jaribio lilikuwa la kupima kama jambo linawezekana, si kutoa hukumu, na watafiti walisema hivyo. Hukumu ilikuja 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh: watoto 408, hospitali za kisasa, mashine za kupoza za kweli. Vifo vilikuwa asilimia 42 kwa waliopozwa na 31 kwa wasiopozwa.

Kwa nini kile kinachookoa London kiue Dhaka? Maelezo yanayotolewa ni kadhaa, na mojawapo linamrudisha Freud mezani. Huenda watoto wengi wa huku hawaumii mara moja wakati wa kuzaliwa. Huenda wanaumia kwa saa nyingi za uchungu uliokwama, au kwa maambukizi na lishe duni ya mama, hivi kwamba mtoto anapotoka maangamizi ya pili yamekwisha kuanza na dirisha limefungwa. Kumpoza mtoto wa namna hiyo ni kumwongezea mzigo. Kama maelezo haya ni ya kweli, haidrojeni nayo itakutana na dirisha hilohilo lililofungwa. Panya wa maabara huzibwa mshipa kwa saa iliyopangwa na kufunguliwa kwa saa iliyopangwa. Mama wa Vikumburu hana ratiba hiyo.

Vikumburu iko pembezoni mwa wilaya ya Kisarawe, na masika barabara inakuwa na maoni yake. Mji wa Kisarawe wenyewe upo juu ya milima ya Pugu, karibu na Dar es Salaam kiasi kwamba watu wanapanda asubuhi na kurudi jioni. Hapo jirani, Minaki, wamisionari wa UMCA walihamishia chuo chao kutoka Kiungani, Zanzibar, miaka ya 1920, na hospitali ikakua kando yake. Upande huo wa wilaya umekuwa na tiba ya kisasa kwa karibu karne nzima. Ukishuka kuelekea Maneromango, Chole na kwingineko, hesabu inabadilika kila kilomita. Ramani ya wilaya haionyeshi kwamba ndani yake kuna saa kadhaa za tofauti kati ya mama na mama.

Kibaha ina historia nyingine. Mwaka 1962 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilitia saini mkataba na Tanganyika changa, na katika pori lililo kilomita kama 40 kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro zikajenga shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya, kwa lengo la kupigana na ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha afya kilikua kikawa Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, na ambayo wasafiri wengi wanaijua kwa ajali za barabara ile kuliko kwa kitu kingine.

Nawataja Wanordiki kwa sababu zana muhimu kuliko zote katika habari hii ni yao, na haina gesi ndani. Miaka ya 1950 mgomo wa madereva wa malori Denmark ulitishia kuziacha hospitali bila mitungi ya oksijeni. Daktari wa usingizi Henning Ruben na mhandisi Holger Hesse wakatengeneza mfuko unaojijaza wenyewe kwa hewa ya chumbani kila ukiuachia, ukauzwa kuanzia 1956 kwa jina la Ambu. Kila leba ya Tanzania inaujua. Na Norway, mtengeneza midoli wa Stavanger, Åsmund Lærdal, aligeuza ujuzi wake wa plastiki kuwa mwanasesere wa kujifunzia kupulizia pumzi mwaka 1960. Kampuni yake baadaye ikatengeneza mwanasesere wa kichanga, mwenye kitovu kinachodunda ukikibana, kwa ajili ya wakunga wa nchi kama yetu.

Tanzania ilianza mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua, yale ya HBB, mwaka 2009 katika hospitali nane. Matokeo yaliyochapishwa 2013 na Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47, na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu muda mfupi tu kabla wamepungua kwa asilimia 24. Takwimu hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa kawaida unapomfundisha mkunga kupulizia, hauwezi kubadilisha yaliyotokea tumboni. Sehemu ya wafu wale hawakuwa wafu. Walikuwa wamechoka.

Haydom, mkoani Manyara, walipima kwa sekunde. Kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia mtoto ziliongeza hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16. Halafu wakagundua jambo la kuudhi: mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafanye vizuri kwa mwanasesere, lakini kitandani mambo yakabaki yaleyale. Hawakuleta mashine mpya. Walimweka mwanasesere leba na kuwataka watu wafanye zoezi la dakika chache, mara kwa mara, zamu kwa zamu. Vifo vya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ni utafiti wenye mvuto mdogo mno kwa wafadhili, naukubali, na ndio ninaouamini kuliko yote niliyoisoma.

Hata hivyo nisingependa kusikika kama mtu anayesema sayansi ya juu iwaachiwe wengine. Tafiti za kitaifa zinaonyesha vifo vya vichanga vilikuwa 40 kwa kila watoto hai 1,000 mwaka 1999, vikawa 26 mwaka 2010, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Yaani tulishuka ngazi kwa kasi kisha tukasimama, ingawa wanaojifungulia vituoni wameongezeka hadi asilimia 81. Na takwimu hizo huhesabu waliokufa tu. Mdogo wangu hayumo. Hayumo kwenye safu yoyote ya jedwali lile, na mama yake aliyemweka mgongoni hadi mgongo ukakataa hayumo pia. Mfuko wa Ambu unaokoa uhai. Ukishamaliza kazi yake, kwa zile saa sita zinazofuata, hatuna karibu chochote cha kuulinda ubongo. Nafasi hiyo ipo wazi, na haidrojeni ni miongoni mwa vichache vinavyoweza kuwazwa bila kiyoyozi cha saa 72.

Ninachokipinga ni ratiba ya kawaida ya mambo: wathibitishe Kagawa, wathibitishe Boston, kisha baada ya miaka 15 tuletewe sisi, na tukute, kama Mulago, kwamba watoto wetu waliumia kwa namna nyingine. Kama haidrojeni itajaribiwa kwa vichanga, hospitali ya aina ya Tumbi iwemo tangu mwanzo, inapopokea mtoto kutoka Mlandizi na mtoto kutoka Mzenga siku moja, na aulizwe kila mtoto aliumia lini kabla ya kuulizwa alivuta nini. Na kabla ya mtungi mmoja kufika, fedha za kwanza ziende kwenye barabara na kwenye namba 115 ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto, maana bila hizo jaribio litapima umbali tu.

Lipo pia suala la ruhusa, ambalo makala hulimaliza kwa sentensi moja. Mtu atatakiwa kumwendea mwanamke aliyejifungua muda mfupi uliopita, damu haijakauka, na kumwomba akubali mtoto wake avutishwe gesi. Gesi gani? Hewa inayowaka, alisema Cavendish. Mwambie hivyo mama wa Pwani ambaye bibi yake alijua kufukiza, naye anaweza kukuelewa upesi kuliko unavyodhani, na anaweza kukuelewa vibaya upesi vilevile.

Nilijaribu kwa mama mdogo. Nilimweleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila radikali wala mitokondria: kuna hewa nyepesi, wanaijaribu, huenda ingezuia lile lililokuja usiku wa pili. Alisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchicha. Hakuuliza kama inawaka. Aliuliza ingetakiwa imfikie mtoto saa ngapi. Nikamwambia ndani ya saa sita. Akaacha mchicha, akaanza kuhesabu safari ya siku ile kwa vidole: kutoka nyumbani hadi barabarani, barabarani hadi Mzenga, Mzenga wakisubiri gari, Mlandizi alfajiri.